Mkono Wangu Kabla ya Chai

Theu wangu,

Ninakuandikia nimekalia kreti iliyopinduliwa, mgongo kwenye mbao za zizi, na ng'ombe ananipumulia shingoni. Usinihurumie. Susu yako amefika mchana kutoka Ndithini kuja kukuaga, amekalishwa sebuleni kwenye kiti changu, na wewe unajua mambo yetu: mama mkwe akiingia ndani, mkwe hukumbuka kazi ya nje. Nimekata majani ya ng'ombe ya kesho na ya kesho kutwa. Nimefagia zizi. Nimekaza bawaba ya mlango wa kuku ambayo mama yako aliniomba niikaze tangu Pasaka. Sasa imebaki kazi moja tu, nayo nimeikwepa wiki nzima.

Wewe uko kanisani Mitaboni na wanakwaya wenzako. Barua hii nitampa mama yako, naye atakupa mkimaliza kula. Ningeweza kukuita tuongee, lakini wewe ni binti mtu mzima na mimi ni baba wa Kikamba, na kwetu mambo mazito hupitia jikoni kwanza. Sijakosa kujaribu. Juzi nilikuja mpaka mlangoni ukipiga pasi sare zako, nikasimama, nikakohoa, nikaishia kukuuliza kama pasi ina moto. Ulinijibu kwamba ina moto. Nikarudi zangu.

Sitakuambia ubebe sweta wala uchemshe maji ya kunywa wala utafute kanisa. Hayo mama yako amekwisha kuyasema na atayasema tena mjomba wako akishawasha gari. Mimi nataka tuongee kuhusu mkono wako.

Najua yote. Mama yako ameniambia, na usimkasirikie, kwa sababu alilibeba jambo hili peke yake siku nyingi mpaka likamshinda. Ameniambia kwamba ukifika huko Turkana kwenye kazi yako mpya ya uuguzi utaomba upangwe kwenye chumba cha kadi, au kliniki ya kupima kina mama uzito, mahali popote ambapo hutaguswa na kazi ya kuweka kanula ya dripu mshipani. Wakikataa, utafunga mizigo urudi nyumbani. Ulimwambia, "Mama, mkono wangu umeharibika."

Ameniambia pia habari za yule mtoto. Ulikuwa katika mwaka wako wa mazoezi, zamu yako wodi ya watoto, akaletwa mtoto mchanga ameharisha mpaka utosi umebonyea. Ukatafuta mshipa mkono huu, ukatafuta mkono ule, ukashuka mguuni, ukarudi mkononi, na hukumwita mtu. Mama yake alikuwa amesimama hapo akihesabu kila tone la damu. Mwishowe akamnyakua mtoto kitandani akakuambia mbele ya wodi nzima kwamba yule ni mtoto, si gunia la kushonwa. Mwenzako akaja akaweka kanula, maji yakaingia, na baada ya siku chache mtoto akaenda nyumbani ananyonya vizuri. Mtoto alipona, Theu. Sijui kama kuna mtu amekukalisha chini akakuambia hivyo kwa maneno haya, kwa hiyo nakuambia mimi.

Nilipoambiwa nilikasirika. Kwanza nilimkasirikia yule mama, halafu nikakukasirikia wewe, halafu nikalala macho nikajikumbuka mwenyewe, na hasira ikanipotea. Lakini nakutangulizia neno moja ili usisome barua hii ukitafuta mlango wa kutokea: sikubali urudi. Kama siku moja utaichoka kazi ya uuguzi, sawa, shamba liko na jembe liko, utalima na mimi. Lakini kuiacha kwa sababu ya aibu, hapana. Aibu imekwisha kula vya kutosha katika familia hii.

Wewe unazijua hadithi zangu kwa upande wa kicheko tu, jinsi wajomba zako wanavyozisimulia wakishiba. Leo nitakupa upande mwingine.

Anza na ile ya kuzimia. Ni kweli nilizimia. Tulipokuwa chuoni tulifundishwa kuweka kanula kwa kutoboana sisi kwa sisi, na mimi nikapangwa na jamaa mmoja kutoka Meru mwenye vidole kama ndizi za kupika. Nilimtoboa yeye vizuri. Alipogeuka anitoboe mimi, nilitazama ile sindano ikikaribia ngozi yangu, na nilichokumbuka baada ya hapo ni sakafu. Nilikuwa mwanamume wa miaka ishirini na kitu, mtoto wa mkulima, nimechinja mbuzi wengi. Tangu siku hiyo sijaweza kutobolewa. Unakumbuka malaria yangu ya mwaka ule, nilivyokunywa dawa chungu wiki nzima nikikataa dripu, na mama yako akiniita mchungaji asiyependa kanisa? Ninawatoboa watu siku kutwa na mwenyewe naiogopa sindano kuliko nyoka. Weka hilo mahali, nitalirudia.

Sasa ile ya susu yako.

Nilikuwa kijana, nimepewa kazi katika zahanati ndogo upande wa Ndithini, mimi na muuguzi mmoja mkubwa kwangu, Sista Rhoda. Huko ndiko nilikomwona mama yako. Wazee wetu walikuwa wamekwisha kwenda kwao, mbuzi wa kwanza wamepokewa, kwa hiyo susu yako alikuwa tayari mama mkwe wangu, na nthoni, ile haya ya mkwe, ilikuwa imeingia kati yetu. Wewe umezaliwa wakati mambo yamelegea, huenda huijui jinsi ilivyokuwa. Haya hiyo haikuwa mchezo. Nikimwona njiani, mmoja wetu aliingia kichakani. Sikumpa mkono. Sikula alipokula. Kuona hata kiwiko chake lilikuwa jambo la kuniharibia usingizi. Ndiyo maana mpaka leo mama yako hukuita "mama" kwa furaha kwa sababu umelibeba jina la mama yake, na mimi nikalikata jina lako nikabaki na Theu. Kulitamka lote ninaona kama namwita mkwe wangu kama mtoto.

Basi siku moja mkokoteni wa punda ukasimama nje ya zahanati na susu yako amelazwa juu yake. Alikuwa ametapika na kuharisha tangu jana yake. Wajomba zako wawili walikuwa wamemleta, na mama yako ameshikilia kichwa chake. Sista Rhoda alikuwa amekwenda sokoni. Nilikuwa peke yangu.

Nilijua cha kufanya. Ningeamshwa usingizini ningekuambia: mgonjwa kakauka, tafuta mshipa upesi, weka kanula, fungua maji yaende. Na mishipa yake, alipofika, ilikuwa bado inaonekana. Niliiona kwa mbali, nikiwa nimesimama mlangoni. Lakini kumshika mkono mama mkwe wangu, kumfunga glavu juu ya kiwiko ili mshipa uvimbe, kuupapasa mkono wake kwa vidole nikitafuta mshipa, mbele ya watoto wake! Miguu ilikataa kuvuka kizingiti, Theu. Nikajiambia nitamheshimu. Nikachanganya maji ya chumvi na sukari nikampa mama yako amnyweshe kwa kijiko. Nikamtuma mjomba wako mkubwa amkimbilie Sista Rhoda. Mimi nikabaki nje nikipanga chupa ambazo zilikuwa zimepangika.

Aliyatapika yale maji. Mama yako akamnywesha tena, akayatapika tena. Kisha akaacha kutapika, na mimi mjinga nikafikiri ni nafuu, kumbe hakuna kilichobaki cha kutapika. Alikuwa akiita jina la mama yako, halafu akawa anapumua tu.

Mama yako akatoka nje. Unamjua asivyopenda kelele. Hakupaza sauti. Aliniambia, "Ukimwacha afe kwa heshima, utamzika kwa heshima pia?"

Nikaingia. Sasa mishipa ilikuwa imezama. Ile niliyoiona kutoka mlangoni haikuwepo. Nikafunga, nikapiga-piga ngozi, nikapapasa, hakuna. Nikatoboa mahali nilipokisia, nikakosa. Nikahamia mkono mwingine, nikakosa. Jasho lilikuwa likinidondoka puani nikaona tone linaangukia shuka lake. Nilipoujaribu ule mshipa wa ndani ya kiwiko kwa kanula ndogo ya bluu nilikuwa naomba kwa sauti, na wajomba zako ndio husimulia sehemu hiyo wakijishika mbavu. Damu ikachungulia nyuma ya sindano. Nikausukuma mrija ukaingia, nikaitoa sindano, nikafungua maji, nikaona yanadondoka. Nikakaa sakafuni pale pale.

Hapo ndipo hadithi ya wajomba zako huishia, na vicheko. Hawasemi kilichofuata kwa sababu hawakukiona. Nilirudisha haya yangu haraka sana. Kwa kuwa maji yalikuwa yanaenda, nilimfunika susu yako mkono kwa shuka nikatoka, na sikurudi kuufunua kuutazama. Nilimwachia mama yako, ambaye hakujua atazame nini. Plasta nilikuwa nimeibandika vibaya, mrija ukateleza ukatoka kwenye mshipa, maji yakawa yanaingia nyamani. Sista Rhoda alipofika akainua shuka, mkono wa susu yako ulikuwa umevimba mpaka ngozi inang'aa. Akaitoa kanula yangu, akaweka nyingine upande wa pili, na hiyo ndiyo iliyomvusha. Ule mkono wa kwanza ulipasuka kidonda na ukachukua muda kupona. Lile kovu ambalo ulipokuwa mdogo ulikuwa ukiliuliza, na susu anakuambia aliungua na uji, ni langu. Amesingizia uji miaka yote hii ili nisiaibike mbele ya wajukuu.

Sista Rhoda hakunigombeza siku ile. Aliningoja mpaka tumefunga zahanati, akaniambia methali moja tu, "Mficha uchi hazai," akachukua mkoba wake akaenda kwake. Nilimchukia kwa hiyo methali karibu mwaka mzima. Sasa naiona ndiyo shule yote niliyosoma.

Wazee wakasema nimemgusa mama mkwe, nipeleke mbuzi ili haya irudi mahali pake. Nikapeleka beberu mzuri, mweusi, na nikasimama nje ya boma na kofia mkononi. Susu yako alikuwa ndani, mkono umefungwa bendeji. Hakuzungumza na mimi, anazungumza na mimi kupitia watu mpaka leo. Akamwambia mama yako kwa sauti ya kunifikia: "Mwambie huyo mtu mbuzi tutamla. Lakini nikiugua tena, asisimame mlangoni."

Na alifanya jambo ambalo sijaona mtu mwingine akifanya. Tangu siku ile, kila akiugua na kuhitaji dripu, hamkubali muuguzi mwingine nikiwa karibu. Akiniona nakuja na trei, anavuta leso anafunika uso wote, anageukia ukutani, na anaunyoosha mkono kwangu. Mimi natazama mkono tu. Simwoni, hanioni, hatusalimiani. Nafanya kazi yangu, naifunika kanula vizuri, na kila baada ya muda narudi kuutazama ule mkono kwa macho yangu, simwachii mtu. Nikimaliza naondoka ndipo anafunua uso. Haya ipo, iko nzima, tumeitengea tu nafasi yake pembeni ili isikae katikati ya mkono wangu na mshipa wake. Hakuna chuo kilichonifundisha hivyo. Ni yeye aliyebuni.

Nimekuandikia habari hii ndefu kwa sababu moja. Wewe unafikiri mkono wako ndio uliokosa kwa yule mtoto. Siamini. Nimekuona ukitia uzi kwenye sindano ya cherehani ya mama yako kwa mwanga wa koroboi, ukiwa mdogo, meno ya mbele yameng'oka na hayajaota mengine. Mkono wako ni mzima. Mshipa wa mtoto aliyekauka ni mwembamba na unateleza, wangekosa wengi. Kilichokushinda ni kwamba baada ya kukosa mara ya pili uliona aibu kumwita mwenzako, na kila ulipozidi kuona aibu ndivyo mkono ulivyozidi kutetemeka. Mimi aibu ilinisimamisha mlangoni, wewe ikakusukuma mbele. Ni ile ile.

Usifikiri kwamba mimi aibu hiyo ya kusukuma mtu mbele siijui. Baada ya miaka kadhaa nilihamia kituo kikubwa zaidi kule Yatta, na nikawa mtu wa kusifiwa. Mshipa ukipotea, wanasema mwiteni yule. Sifa ikanivimbisha kichwa. Akaja mtoto wa mfanyabiashara mmoja wa Kithimani, mnene wa kupendeza, na watoto wanene mishipa yao imefichwa ndani ya nyama, unajua. Nikakosa. Nikakosa tena. Mwenzangu wa zamu, mama mmoja mtaratibu, akaniuliza kama angeweza kujaribu. Nikamwambia angoje. Mimi mwenye sifa nimpishe yeye? Nikamtoboa yule mtoto tena na tena mpaka baba yake akashika mkono wangu, akanitazama, akaniambia taratibu, "Daktari, sasa unamtibu mtoto au unajitibu wewe?" Mwenzangu akachukua trei, akaketi, akaweka. Sikumwambia hata asante. Nilikwenda nikasimama kwenye bohari la dawa nikijifanya natafuta plasta.

Yule baba alikuwa amenijua kabisa. Nimejiuliza swali lake maisha yangu yote ya kazi, na huwa najiuliza kabla ya kutoboa mara ya pili. Jibu likiwa najitibu mimi, naweka sindano chini.

Utaona huko uendako kwamba hiki kifaa tunachokihofia wote, mimi, wewe na wagonjwa, ni kitu kidogo cha ajabu. Mrija laini wa plastiki umevishwa juu ya sindano. Sindano inafungua njia kisha inatoka, mrija ndio unaobaki. Nimewakuta wagonjwa wengi wamelala mkono umenyooka kama mwiko, hawathubutu kushika kikombe, wakiamini sindano iko ndani. Mzee mmoja hakulala siku mbili. Hakuna aliyemwambia. Ndiyo, ni sisi ambao hatukumwambia, tulikuwa na haraka. Siku hizi nikitoa ile sindano namwonyesha mgonjwa, namwambia, hii hapa, imetoka, kilichobaki ni laini, kunja mkono wako. Ungeona mabega yanavyoshuka. Yule mama aliyekufokea, Theu, inawezekana alifikiri unaziacha sindano ndani ya mtoto wake. Ningekuwa mimi ningefoka zaidi.

Na kwa habari ya watoto, watakulilia. Watakulilia kila siku. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na katika kazi yetu methali hiyo haina utani. Utamshika mtoto anakutazama kama adui, mama yake anageuza uso, na utatoboa, kwa sababu maji yale yasipoingia kilio kitakachofuata si cha mtoto tena. Lakini utatoboa ukiwa umeketi, umemweleza mama, na mwenzako anajua kwamba huenda ukamwita. Kumwita mtu si kushindwa. Mimi nilichelewa sana kulijua hilo, na kovu la kuchelewa kwangu limeketi sebuleni sasa hivi linakunywa chai.

Ningeishia hapo. Nilikuwa hata nimekunja karatasi. Lakini kuna jambo limetokea nikiwa hapa hapa kwenye kreti.

Dirisha la jikoni, unajua, linatazama zizi. Mama yako alikuwa anachambua mboga na susu amemfuata huko, nami nikawasikia wakiongea habari yako. Mama yako alikuwa analia kidogo. Alikuwa akimweleza susu kwamba unaogopa, kwamba umesema mkono wako umeharibika, kwamba hajui kesho anamsindikiza muuguzi au anamsindikiza mtu anayekwenda kurudi. Susu yako akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa sauti kubwa kuliko ya kuongea na mtu aliye jikoni, "Mwambie yule aliye na ng'ombe. Mtoto alijifunza kuogopa kwa watu. Hawezi kuacha kuogopa kwenye karatasi. Huyo baba yake hana mkono?"

Niliikunjua ile karatasi. Ng'ombe aliacha kutafuna. Mama yako akachungulia dirishani akanitazama, na machozi yake bado yako usoni, na akaanza kucheka, kwa sababu anajua mimi na sindano.

Nimefikiri mpaka jua limeshuka nyuma ya kilima cha Kathiani, na sikupata pa kutokea. Nilikuwa nikikuandikia kurasa nzima kwamba usisimame mlangoni, na mimi mwenyewe nilisimama mlangoni mwa chumba cha pasi, na sasa nimesimama nyuma ya barua. Kwa hiyo nimeondoka hapa kidogo, nimekwenda duka la dawa pale sokoni na nimerudi. Ndiyo maana mwandiko umebadilika, kalamu ile ilianguka njiani. Nimenunua kanula mbili, za rangi ya pinki. Sikuzichukua kazini, za kazini ni za wagonjwa. Nimenunua spiriti, pamba, plasta na glavu ya kufungia.

Kesho asubuhi, kabla ya chai na kabla mjomba wako hajaja na gari, njoo jikoni. Usibishe hodi, njoo tu. Utanikuta nimekalia kiti cha kukamulia, nimeegemea ukuta ili nikizimia nisiende mbali. Nitakuwa nimefunika uso kwa leso ya mama yako na nimegeukia ukutani, kama susu. Mkono wangu wa kushoto utakuwa umenyooshwa juu ya meza. Nawa mikono, vaa glavu, funga, papasa, usiwe na haraka. Sitasema neno. Nikitetemeka, jua ni woga wangu wa siku zote, haukuhusu.

Susu yako amekubali kutoka nje ili mimi niweze kuingia jikoni. Amesema kesho ni zamu yake ya kukaa na ng'ombe.

Ukipata mshipa, nionyeshe sindano imetoka, kwa sababu nitahitaji kuiona. Ukikosa, sema umekosa, jaribu tena. Ukikosa mara ya pili, Theu, usiende ya tatu. Niite. Katika nyumba hii mtu mwingine anayejua kuweka kanula ni mimi peke yangu, kwa hiyo nitafunua uso, nitaushika mkono wako, na tutautafuta mshipa wangu pamoja.

Maji ya chai nitakuwa nimeyabandika.

Baba yako